Kibuyu Nilichokikataa Kishanda

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Kamugisha, Kishanda, Muleba.

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na shemeji yako Koku anakusalimu, naye amesimama hapa nyuma yangu akihakikisha kwamba nimeliandika jina lake. Mmeamkaje huko? Mvua zimeshika? Ile migomba ya upande wa mteremko iliyolazwa na upepo, umeitegemeza? Mke wako anaendeleaje na goti lake, na watoto wangu wanakwenda shule au wanajificha kwenye kahawa kama tulivyokuwa tukijificha sisi? Yule ng'ombe wa pembe moja bado yupo? Najua hukuzijibu barua zangu mbili, na hii ya tatu labda umeipokea kwa mkono wa kushoto. Hata hivyo nauliza, maana nisipouliza nitakuwa nimesahau nilivyolelewa. Mimi ni mzima. Neno hilo nimekuwa nikiliandika miaka yote bila kulifikiri, lakini leo nimelifikiri kwanza. Ni mzima kweli.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Usidhani pwani imenipanda kichwani. Mambo ninayotaka kukueleza siwezi kuyaandika kwa lugha yetu. Nimejaribu mara mbili nikachana karatasi. Kila neno la Kihaya la sehemu ile ya mwili nalisikia kwa sauti ya marehemu Mama, akinikemea nisilitamke. Kiswahili nilifundishwa darasani kwa fimbo, nikakimalizia karakana kwa matusi ya mafundi, kwa hiyo hakinitii haya. Isome peke yako kwanza. Ukifika mwisho utajua mwenyewe nani mwingine asomewe.

Nianze na jambo lenyewe. Siku ile uliponipa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikakikataa mbele ya watu, sikukikataa kwa sababu unayoifikiri. Nilikikataa kwa sababu nilikuwa siwezi kukojoa.

Basi, nimelisema. Sasa nieleze vizuri.

Ugonjwa ulinianza pole pole, miaka mitatu kabla ya likizo ile. Nilikuwa nasimama nyuma ya karakana nasubiri. Haja ipo, inanichoma, lakini mkojo hautoki. Au unatoka matone, unakatika, na ukishafunga suruali ndipo unaanza tena. Mafundi wenzangu wakanipa jina, Bwana Subiri. Nikaacha chai ya saa nne. Nikaacha uji. Hata maji nilikuwa nanywa ya kulowesha mdomo tu, katika joto hili la Dar es Salaam ambalo shati linalowa kabla hujalifunga vifungo. Koku alikuwa ananitazama natoka nje, nakawia, narudi, natoka tena. Nilijua ana dukuduku, nikanyamaza. Niliona afadhali aniwazie mabaya kuliko ajue. Wewe ni mwanamume, huenda utanielewa. Yeye mpaka leo hajanielewa.

Ndivyo nilivyokuja likizo, na miaka sita nilikuwa sijakanyaga kwetu. Meli ilipokaribia Bukoba asubuhi, nikauona ukungu umelala juu ya migomba, nilishika chuma cha meli nikalia bila kujificha. Pwani hakuna ukungu wa namna ile. Hapa jua likitoka limetoka, halina adabu ya kubisha hodi. Nilishukia Bilele kwa Shangazi, akanifungulia kile kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, nikaitafuna kama mtoto aliyepewa sukari guru. Kesho yake nikaenda Kahororo kwa wakwe zangu. Kule unajua mwenyewe, mkwe hakatai. Baba mkwe alionja, akanipa, nikanywa. Akajaza tena, nikanywa tena, na nilikunywa kwa furaha, maana ladha ile nilikuwa nimeiota miaka sita. Hili najua ulilisikia. Nadhani ndilo lililokuumiza zaidi, kwamba Kahororo nilikunywa na kwako sikunywa.

Usilolisikia ni safari ya siku iliyofuata. Nilipanda lori la magunia ya kahawa, na kabla ya kufika Muleba nilikuwa nimemsimamisha dereva mara tano. Kila mara nateremka, naingia migombani mwa watu, nashika mgomba, natetemeka, na hakuna kitu, na huku nyuma honi inalia. Mara ya tano mama mmoja aliyekuwa na kuku wake kwenye tenga akauliza kwa sauti, "Waitu, mzee huyu amekunywa ziwa lote?" Lori zima likacheka. Nami nikacheka nao, huku tumbo limekuwa gumu kama ubao wa mninga. Nikaapa palepale kwamba sitatia kitu cha majimaji kinywani mpaka nirudi Dar es Salaam.

Halafu nikafika kwako.

Harufu ya rubisi niliisikia kabla sijaiona nyumba. Kamugisha, mimi nimenusa mbao za kila namna, nimenusa bahari na karafuu, lakini harufu ile ndiyo pekee inayoniita kwa jina. Nilituona sisi wawili ndani ya ule mtumbwi wa mti wa kukanyagia ndizi, mimi mbele, wewe nyuma umeshika shati langu usiteleze, tunakanyaga ndizi mbivu na nyasi mpaka povu linapanda vifundoni. Tata, baba yetu, amesimama pembeni na fimbo, anajifanya hatuoni tunapochota yale maji matamu kwa kiganja. Halafu alikuwa anatuuliza, "Nani amepunguza?" na sisi midomo yote imejaa nyasi. Ulikumbuka hayo wakati unaniandalia? Mimi nilikumbuka yote, nimesimama kwenye njia ya kuingia kibanjani, miguu imebana.

Ulitandika nyasi mpya nyumba nzima. Uliwaita wazee. Na kibuyu ulichokitoa kilikuwa kile cha Tata, chenye ufa ulioshonwa kwa nyuzi za mgomba, alichokishona mwenyewe siku alipokiangusha kwa hasira. Ukaonja kama inavyopasa, ukafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ukakileta kwangu kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, mkubwa wangu. Kunywa."

"Nimeshiba, waitu."

"Umeshiba nini? Hujala."

"Nimeshiba tu."

Mikono yako ilibaki hewani. Niliwaona wazee wakitazamana, na yule wa pembeni akakohoa kikohozi kisicho cha kifua. Kisha ukamgeukia jirani, ukampa yeye. Hukunitazama tena mpaka watu wanaondoka. Asubuhi nilikuulizia, shemeji akasema umekwenda kutazama kahawa. Kahawa ilikuwa bado kijani kabisa.

Hapa Dar es Salaam nikimweleza mtu habari hii haelewi. Anasema, si pombe tu, ungeiweka pembeni. Hajui kwamba kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza ili mgeni aone hakuna sumu, na mgeni akikataa kilichokwisha kuonjwa na ndugu yake, hapo ametamka tuhuma bila kufungua mdomo. Na mimi na wewe kibanja cha Tata kiko katikati yetu. Mimi ndiye mkubwa, wewe ndiye unayekaa ndani yake na kukilima. Kila mzee aliyekuwepo aliondoka na maneno yale yale mdomoni, kwamba Mutalemwa anaogopa mdogo wake atammaliza abaki na kibanja. Wewe nawe uliyasikia, kama si masikioni basi moyoni. Nami ningeweza kuyafuta kwa neno moja, nikaona haya.

Baada ya kurudi hali ilizidi. Siku moja nilikuwa napiga randa mlango, mkojo ukafunga kabisa. Hata tone. Kufika saa nane nilikuwa nimelala juu ya maranda nalia kama mwanamke anayejifungua, mafundi wakanipakia kwenye gari la mbao mpaka hospitali kubwa, wadi ya Waafrika. Dresa, msaidizi wa daktari, akaniingizia mpira. Sitakueleza unaingizwa wapi, umeshajua, na usijikunyate. Mdogo wangu, nimebatizwa, nimeoa, nimeshika mtoto wangu wa kwanza mikononi, lakini raha niliyoipata chupa ile ilipoanza kujaa sijawahi kuipata popote. Nilimwita dresa yule baba yangu, naye ni kijana wa kumzaa.

Kesho yake daktari Mzungu akaja na karani wa kutafsiri. Akasema kila mwanamume ana tezi chini ya kibofu, na mkojo unapita katikati yake. Akizeeka, tezi inavimba, inabana njia. Nikamwambia, Bwana mganga, hiyo naijua. Mlango nao ukivimba masika haufunguki, na ukiupiga teke unaharibu fremu. Akauliza, wewe unafanyaje? Nikamwambia, nauteremsha, nalipunguza bao lililozidi, naurudisha. Akacheka, akasema ndiyo kazi yenyewe, isipokuwa yeye bawaba zake zinatoa damu. Atanipasua chini ya kitovu, aingize kidole, aitoe ile tezi iliyovimba.

Nilimwuliza lile swali ambalo kila mwanamume angeuliza. Karani aliona haya kulitafsiri, nikamwambia tafsiri. Daktari akajibu kwamba nitakuwa mume wa mke wangu kama zamani, ila watoto hatutapata tena. Nikamwambia waliopo wanatosha, na wawili kati yao wanazidi. Koku alikuwa amekaa pembeni na kapu la chakula. Alikuwa amesikiliza yote, kila kitu nilichokuwa nimemficha miaka ile. Akasimama akapiga makofi. "Kumbe mke mwenzangu ni choo!" akasema. "Mpasue, Bwana mganga. Mimi nilikwisha kumpa huyo mwanamke wake na jina." Alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli, nami nikaona jinsi nilivyomtesa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja wa Kizaramo, Mzee Kibwana, aliyepasuliwa wiki moja kabla yangu. Alikuwa mtani asiyechoka. Mimi alikuwa ananiita Ndizi, nami nilikuwa namwita Nazi, na siku zikaenda. Siku moja, nilipokuwa nasubiri zamu yangu, niliona watu wawili wenye kanzu wamekuja kumwona, mmoja akamshika miguu akamwomba radhi. Walipoondoka nikamwuliza. Akasema ni majirani zake wa msikitini. Ugonjwa ulipomshika, mkojo ulikuwa unamchuruzika, kanzu haikai safi, udhu haukai. Akaacha kwenda msikitini. Hakusema kwa nini. Majirani wakasema Kibwana amemwacha Mungu, wakaacha kumwamkia, wakaacha hata kumpelekea sahani ya futari. Mwaka mzima.

"Na wewe hukuwaambia?" nikauliza.

"Niwaambie nini, Ndizi? Kwamba najikojolea? Bora waseme mimi kafiri."

Nilikumbuka mikono yako miwili hewani.

Upasuaji wenyewe siuwezi kukusimulia maana nilikuwa nimelala. Nilipoamka kulikuwa na mpira tumboni na mwingine kule kwenyewe, na mkojo mwekundu kama maji ya hina, na maumivu ambayo kila nikikohoa yalinikumbusha dhambi zangu moja moja. Siku mbili za mwanzo nilikuwa naona migomba. Sikuwa naota, nilikuwa macho, ila nikitazama ukuta mweupe wa wadi naiona migomba ya Kishanda baada ya mvua, maji yanateremka kwenye majani makubwa yanadondokea kwenye yale madogo, na sauti ile. Hapa mvua inapiga bati kama watu wanaogombana. Nilitamani kusikia mvua ya kwetu kuliko nilivyotamani kupona.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mstari wa kwanza. Baada ya kupasuliwa mgonjwa anatakiwa kunywa maji, mengi, ili damu isigande ikaziba mpira. Tulikuwa na nesi mmoja, mwanamke mnene wa Kinyamwezi, mkali. Anakuja na jagi, anamimina bilauri, anasimama juu yako mpaka umalize. Mimi, Bwana Subiri, niliyekimbia maji miaka mitatu na zaidi. Asubuhi ile alikuwa amenipa bilauri nne. Akaleta ya tano, akanisogezea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mzee."

"Nimeshiba, mama."

Nikajisikia nikisema hivyo. Nilikuwa nimeyasema maneno yale kwako. Lakini hata siku ile kwako hayakuwa yangu. Niliyasikia kwa Tata.

Unamkumbuka Tata siku Ishengoma alipomwoza binti yake? Wewe ulikuwa bado mdogo, unachunga. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujifunza useremala misheni, nilikuja nikakaa miguuni pa wazee. Ta Ishengoma, rafiki yake waliyechanjana naye wakiwa vijana, aliyekula damu ya Tata kwenye punje ya kahawa na Tata akala yake. Alionja, akampa Tata mbele ya ukoo wake wote. Tata akasema, "Nimeshiba, waitu." Ishengoma akakiinamisha kibuyu, akamwaga chote chini, akasema, "Tangu lini damu yangu imekuwa sumu?" Hawakusalimiana tena mpaka mmoja wao kuzikwa.

Nilikuwa nimeyaweka hayo mbali, Kamugisha. Pale kitandani, na bilauri ya tano usoni, yakarudi yote kwa mpigo. Tata anakaa karibu na mlango penye watu. Tata anaondoka kabla wengine hawajachangamka. Tata aliyekuwa mnywaji wa kusifiwa, ghafla anaonja tu na kupitisha, na watu wanasema amekuwa na majivuno. Na Tata nyuma ya nyumba, mkono mmoja ameuegemeza kwenye mgomba, kichwa ameinamisha, kimya, muda wa kupika ndizi zikaiva. Nilimwona hivyo mara nyingi. Nilidhani anasali. Nilirudi nyuma kwa vidole nisimkatishe sala yake.

Alikuwa anasubiri mkojo.

Halafu tumbo lile la mwisho, lililojaa, gumu, na homa, na kuweweseka. Sisi tukasema nini? Wazee walisema Ishengoma amemmaliza. Mimi sikusema wazee wamesema. Mimi mwenyewe nilisema, kwa kinywa changu, kwamba Tata alikataa kibuyu kwa sababu alijua kilichomo. Siku ya maziko Ishengoma alisimama mpakani mwa kibanja, nje, tangu asubuhi mpaka tunafukia. Mimi nilimwona. Wewe ulitaka kumpelekea kigoda, nikakuzuia. Unakumbuka? Ulikuwa na kigoda mkononi, nikakunyang'anya.

Nililia, mdogo wangu. Mzee mzima, mipira miwili mwilini, nalia na bilauri mkononi. Nesi akadhani ni maumivu akataka kuita daktari. Nikamwambia hapana, nikainywa yote, nikaomba nyingine. Tata alikufa kwa sababu ya tezi moja, na Ishengoma amekaa na jina la mchawi miaka yote hii kwa sababu Tata aliona haya. Na mimi nilikuwa njiani kukufanyia wewe vivyo hivyo. Ningekufa, wewe ungebaki na jina la mtu aliyeogopwa na kaka yake, na watoto wako wangelirithi pamoja na kibanja.

Siku waliponitoa mipira nilisimama kwenye choo cha wadi, Mzee Kibwana amesimama mlangoni kama askari. Nilingoja kidogo, kwa mazoea. Ukatoka. Haukukatika. Kibwana aliusikia mlio wake akapiga kelele, "Ndizi amefungua bomba!" na wadi nzima, watu wenye majeraha, wakapiga makofi. Sasa nina mwezi wa pili nyumbani. Nimerudi karakana kwa kazi nyepesi, nasugua tu, sipigi randa. Nina kovu chini ya kitovu. Tata alikuwa na chale yake ya kuchanjana na Ishengoma pale pale, unaikumbuka tukioga mtoni alivyokuwa akituonesha? Mimi yangu ni ndefu zaidi, nimechanjwa na Mzungu, na wala hakunipa kahawa.

Nina maombi, na ukiweza yafanye kabla sijafika.

La kwanza ni lako mwenyewe. Mimi na Tata tumepata, na wewe uko nyuma yangu kwa miaka michache tu. Ukijiona unakawia nyuma ya nyumba, usimngoje mtu akuulize. Nenda hospitali Bukoba. Mwambie mke wako. Usifanye ujinga wangu.

La pili ni la Ta Ishengoma. Shemeji aliniambia mwaka jana kwamba bado yu hai, haoni vizuri, anakaa na mjukuu. Najua mnapishana njiani kila mtu anatazama upande wake. Chukua kibuyu cha Tata, kile chenye ufa. Tengeneza rubisi nzuri, si ile ya haraka. Mpelekee nyumbani kwake, uingie ndani, usisimame mpakani. Onja mbele yake, unywe kabisa asikie koo linavyomeza kwa kuwa haoni, kisha mpe. Mwambie Tata hakuogopa damu yake. Mwambie alikuwa mgonjwa wa mkojo na aliona haya kumwambia mtu, hata yeye. Mwambie kwamba mtoto mkubwa wa rafiki yake alisema uongo juu yake miaka mingi, na anakuja kumpigia magoti. Kama hatakunywa, usikasirike. Ana haki. Kiache hapo kwake.

Nisalimie Shangazi wa Bilele ukishuka mjini, mwambie kahawa yake ndiyo iliyonipa nguvu, atafurahi ingawa si kweli. Wasalimie wakwe zangu wa Kahororo, na mama mkwe mwambie binti yake amenenepa na anasema sana. Msalimie mwinjilisti wetu, mwambie niliombewa na Waislamu pia, na dua zote zilifika. Msalimie shemeji yangu, mke wako. Kilemba chake Koku amekwisha kununua, cha rangi ya njano. Watoto wangu wabusu vichwani, yule mdogo kabisa mwonye asiteleze mtumbwini.

Daktari amenipa ruhusa ya kusafiri. Nitakuja kahawa ikianza kuwa nyekundu. Ukisikia honi ya meli Bukoba siku hizo ujue huenda nimo. Nitapanda lori lile lile, na yule mama wa kuku nikimkuta nitamnunulia kuku wote. Sitasimamisha gari hata mara moja.

Nikifika uwaite wazee wale wale, hasa yule wa kukohoa. Tandika nyasi. Kama kibuyu cha Tata kimebaki kwa Ishengoma, toa kingine chochote, jaza mpaka shingoni, uniletee kwa mikono yako miwili mbele ya wote. Ila kwa Ishengoma onja. Kwangu mimi, Kamugisha, usionje. Nipe hivyo hivyo, nami nitakunywa mpaka chini.

Ni mimi mkubwa wako, niliyekuwa mbele yako mtumbwini,
Mutalemwa